Mwanya wa Meno ya Mbele

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Nimechoka. Nikilianza daftari hili kwa neno lingine nitakuwa najidanganya mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha leo mchana, tukafunga madirisha ya kituo cha afya na kufanya kazi gizani, maana umeme hakuna tangu nifike. Mashine ya kutoboa meno imefunikwa shuka kwenye kona, imekuwa samani tu. Mimi na Daktari Silvère tunang'oa. Mtu anakuja na jino ambalo Tanzania tungeliziba, hapa tunaling'oa na kumpa pamba ang'ate. Silvère amekulia Bujumbura, anasali sana na anatukana koleo kwa Kifaransa. Tunaelewana.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea uuguzi wa meno. Kinyarwanda changu ni cha wakimbizi wa Karagwe, na kila nikifungua mdomo hapa Kigali watu wanajua sijazoea nchi yangu. Wazazi walivuka mpaka nikiwa mgongoni. Kaka yangu Mugenzi alibaki kwa bibi, akakulia huku, akaoa huku. Alifika Karagwe kututembelea mara moja tu. Nilimuuliza mkewe Mukunde yukoje, akacheka, akasema, "Utamwona mwenyewe." Sikumwona. Wote wawili waliuawa mwezi wa nne, na nyumba yao iliungua pamoja na kila kilichokuwemo, hata picha moja haikubaki.

Kilichobaki ni Umutoni, binti yao, miaka kumi na mitano. Nilimkuta kwa masista mwezi uliopita. Tumepanga vyumba viwili Rwezamenyo, uani kwa Mzee Bizimana, fundi saa, Mwislamu mwenye maneno mengi na mke mkimya. Umutoni ananiita masenge, ndiyo shangazi kwao, na haongezi neno. Akiongea huweka kiganja mdomoni. Hilo nalipenda. Wasichana niliowazoea Karagwe walikuwa wakicheka mpaka magego yanaonekana.

Jumatano, 14 Septemba

Mvua. Meno tu.

Jumatatu, 19 Septemba

Umutoni amerudi shule. Madawati hayatoshi, wanakaa kwa zamu, lakini ni shule. Jioni nikamwandalia chai, akaiacha mpaka ikapoa kabisa, ndipo akainywa kwa upande mmoja wa mdomo. Na maji ya mtungi hayataki, eti ni baridi. Nikasema moyoni, huyu sasa anadeka. Kisha nikajiona mbaya, maana mtoto aliyepitia aliyopitia akitaka kudeka, nani amkataze? Lakini ukweli ni kwamba nilikasirika. Nimetoka kazini miguu imevimba, nimepika, halafu chai inasusiwa.

Jumanne, 27 Septemba

Leo kaja msichana kutoka Rebero, Ihirwe, pamoja na mama yake aitwaye Jolly, waliorudi kutoka Uganda. Ihirwe anasoma darasa moja na Umutoni. Alikuwa na maumivu ya meno mawili ya mbele. Silvère alipoinua mdomo wa juu aliweka koleo chini. Kati ya meno yale mtu alikuwa amepitisha tupa, kasaga pande zote mbili ili kufanya mwanya. Inyinya, wanaiita hapa, na wanaipenda kama watu wa pwani wanavyoupenda mwanya. Msichana mwenye nayo husifiwa kwenye ngoma za harusi, na siku hizi harusi ni kila Jumamosi, kila mtu aliyerudi anaoza au anaoa, kana kwamba tunakimbizana na kitu.

Jolly hakuwa hata na aibu. Alisema mtoto ataongoza wachezaji harusini kwa binamu yake, na mwanya wa kuzaliwa hakujaliwa. Silvère alimweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, kwamba ganda la jino halioti tena kama ukucha. "Hapa ndani iko uhai, mama. Mshipa wa damu, na wa maumivu. Ukisaga mpaka karibu yake, microbe wanaingia, jino linakufa pole pole. Halafu usaha unapanda huku juu." Akamgusa Jolly chini ya jicho ili aelewe usaha unakopanda. Hapo ndipo mama alipokaa chini.

Ihirwe ana bahati, wamesaga kidogo. Tumempaka dawa, tukamwambia asitie mdomoni vitu vya moto wala baridi.

Jioni nilimsimulia Umutoni, nikiwa nimechangamka kwa hasira. Nilisema wasichana wa siku hizi wanachezea vinywa vyao kwa sababu ya urembo, kana kwamba nchi hii haina matatizo mengine. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 3 Oktoba

Tope mpaka magotini kwenye njia ya kushuka sokoni. Dawa ya ganzi inakwisha. Tumeandika barua ya kuomba nyingine.

Ijumaa, 7 Oktoba

Wamekuja wengine wenye meno yaliyosagwa. Mmoja alitumia wembe, mmoja tupa ya kucha, mwingine alijifunga uzi kati ya meno na kuuvuta kila siku mpaka fizi ikachanika. Silvère akanituma shuleni kwao niseme nao.

Nilisimama mbele ya darasa la kina Umutoni na kusema yote: ganda, mshipa, usaha, jino linalogeuka kijivu. Nilieleza kwamba jino bichi la msichana wa umri wao lina mshipa mpana kuliko la mtu mzima, kwa hiyo tupa inaufikia upesi. Walisikiliza kwa adabu na viganja midomoni, safu nzima. Nikafikiri ni heshima. Umutoni alikaa nyuma akitazama dirishani, mvua ikipiga bati. Nikaona haya kwa niaba yake, mtoto wa nyumbani kwangu ndiye asiyesikiliza.

Ijumaa, 14 Oktoba

Sina la kuandika. Kulala.

Jumapili, 23 Oktoba

Asubuhi nilimwita tujiandae kwenda misa, akasema haendi. Alikuwa amelala kifudifudi. Nikavuta shuka, akageuka. Mdomo wa juu umevimba mpaka puani.

Alisema ameanguka. Mimi nimetazama vinywa tangu nikiwa binti, najua aliyeanguka na asiyeanguka. Nikamshika taya. Alipinga, akanisukuma, nikamshika kwa nguvu kama ninavyowashika watoto wadogo kazini, na sikupenda nilivyomshika. Nikainua mdomo.

Meno mawili ya mbele yamesagwa pale yanapokutana, kutoka kwenye fizi mpaka ncha. Na siyo kwa wembe. Kazi imenyooka, ya mkono unaojua chuma. La kushoto limeshageuka kijivu, na juu yake fizi imetuna, ukigusa inabonyea. Ni la wiki nyingi. Wiki zote hizo amekaa mbele yangu mezani, na mimi nimekuwa nikiusifia mkono wake ulio mdomoni.

Nikamuuliza ni nani. Nikamuuliza kwa nini, ni ngoma, ni mvulana, ni kumwiga Ihirwe? Nilisema mengi, na mengine nisingependa kuyaandika. Nilisema baba yake angeona haya. Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza na kusema jina moja tu: Bizimana.

Nilivuka ua bila viatu. Mzee Bizimana alikuwa kibarazani na saa zake, kioo cha kukuzia jichoni. Nilimuuliza kama ni yeye. Akatoa kioo.

"Ni mimi, mama. Mtoto alikuja akasema wewe ndiye umemutuma."

"Mimi?"

"Mi nilifikiri, muganga wa meno iko nyumbani kwake, mtoto atakuja aje bila yeye kujua? Nikasema labda kwa hospitali vyombo hakuna. Nikachukua tupa ile ndogo ya saa, nikaichemsha."

Aliichemsha. Nilitaka kumpiga. Nilisimama pale mvua ikaanza, mkewe akatoka na kanga akanifunika mabega, nami nikaitupa ile kanga chini. Mzee aliingia ndani, akarudi na tupa imefungwa kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. Alisema hataki kuiona tena.

Niliichukua nikaitia chini ya kitanda changu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Silvère amemtazama. Bila mashine hatuwezi kulifungua jino na kulisafisha ndani, na Bujumbura kwa sasa si safari ya mtoto mgonjwa. Ameamua tumpige penisilini tuone kama uvimbe utashuka, halafu umeme ukirudi tujaribu kuliokoa. Akaniambia pembeni nisimgombeze, homa ikipanda atahitaji mtu wa kumwamini. Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayehitaji mtu wa kumwamini. Akanipa sindano nikampige mwenyewe.

Alhamisi, 27 Oktoba

Uvimbe umeshuka. Amekunywa uji. Hatusemezani.

Jumanne, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Kanisani wamesoma majina ya marehemu, kila familia majina yake, na orodha haikuisha kabla ya mvua kuanza. Nilisoma la Mugenzi na la Mukunde. Umutoni alikuwa ameniambia niyasome yote mawili mimi, yeye hawezi. Nilipolitamka jina la Mukunde nilijiona mwongo, kama ninayemlilia mtu niliyemsikia redioni.

Ijumaa, 4 Novemba

Silvère amekwenda Bujumbura kumchukua mkewe. Nimebaki peke yangu na koleo.

Jumapili, 6 Novemba

Nimeketi sasa hivi. Mikono bado inanuka dawa.

Alfajiri Umutoni alianza kutetemeka. Uvimbe ulikuwa umerudi, na safari hii umepanda shavuni mpaka jicho la kushoto limefumba nusu. Nilimgusa paji, moto. Ninajua usaha wa meno ya juu unakokwenda ukiachwa. Nilikwisha kuona mmoja Karagwe, kijana mwenye afya, na hatukumwahi. Hapakuwa na Silvère, wala umeme, wala jambo la kusubiri. Lile jino lilikuwa lazima litoke leo.

Mzee Bizimana ndiye aliyembeba. Sikumwomba. Alitusikia, akaja na mwavuli na kumpakia mgongoni, akapanda naye tope lile lote mpaka kituoni huku akihema, na mimi nyuma nikishika mwavuli juu yao. Sikumshukuru.

Nilimkalisha kwenye kiti. Ganzi ilikuwepo kidogo, na penye usaha ganzi haishiki vizuri, nikamwambia hivyo, maana sikutaka kumdanganya. Nilipochukua koleo alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu kwa mtu mwenye homa.

"Masenge, usiling'oe."

Nikamwambia litamuua. Akasema anajua. Akasema sikuwa naelewa, na kwamba nikilitoa hilo hatampata tena. Nikamuuliza nani.

Alisema kwa Kinyarwanda, polepole ili mimi wa Karagwe nifuate. Watu wote humwambia amefanana na baba yake. Pua ya baba, macho ya baba, hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza kwa masista, nikafurahi. Lakini mama yake ndiye aliyekuwa na inyinya, na tangu mwezi wa nne uso wa mama umekuwa ukimtoka kichwani. Kwanza ulimtoka wakati wa mchana, kisha akawa hauoni hata akifumba macho. Picha hakuna. Ndugu wa mama hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumtazama.

"Nilitaka nikijitazama kwenye kioo nimkute," alisema. "Hata mdomo tu."

Nilitaka kukaa chini, lakini kulikuwa na kiti kimoja tu na yeye ndiye aliyekikalia.

Miezi yote hii nimemwona msichana wa kiburi, mwenye urembo wa kijinga. Nimemhubiria mbele ya darasa lake zima. Nilimkumbatia kichwa, nikamwambia maneno ambayo sikuwa nimepanga: mama yako hayumo ndani ya jino hili, jino hili limeoza, na wewe ukifa nani atakuwa anamkumbuka? Mimi simjui. Wewe ndiye uliye naye peke yako. Nikamwomba anisamehe kwa nililosema kuhusu baba yake.

Akafungua mdomo mwenyewe.

Lilitoka mara moja, mzizi wote, na usaha ukafuata. Alipiga ukelele mmoja tu. Nje ya mlango nilimsikia Bizimana anasoma dua.

Jumanne, 8 Novemba

Jicho limefunguka. Homa imekwisha. Nimelala mchana kutwa, yeye ndiye aliyepika.

Jumapili, 13 Novemba

Mke wa Bizimana ameleta uji wa mtama, nikaupokea. Baadaye mzee mwenyewe akaja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema kuna jambo hakuniambia. Alipomuuliza Umutoni kwa nini anataka mwanya, mtoto alimweleza habari za mama yake. Mzee akalia palepale kwenye meza ya saa. Ile hadithi kwamba nimemtuma mimi, aliishuku.

"Lakini mi nilitaka kuiamini," alisema. "Ndiyo kosa yangu, mama. Si tupa."

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia siku akija kuomba radhi. Nikamwambia aingie, mvua inamlowesha.

Ijumaa, 18 Novemba

Silvère amerudi na mkewe. Anasema rafiki yake Bujumbura anatengeneza meno ya bandia, bamba la plastiki la kuvaa na kuvua. Fizi ikipona atachukua kipimo kwa plasta. Umutoni amekubali kwa kichwa. Haendi shule. Sasa anaweka kiganja mdomoni hata akiwa peke yake.

Jumatatu, 28 Novemba

Ihirwe amekuja kumtembelea. Nimewasikia wakinong'ona, kisha Ihirwe akatoka macho mekundu. Ameniambia wasichana wa darasa wameziacha tupa. Nilitegemea nitafurahi kuliko hivi.

Ijumaa, 2 Desemba

Kipimo kimechukuliwa. Kimeondoka na gari la mapadre.

Jumamosi, 10 Desemba

Mvua inapungua. Umutoni ameanza kunieleza vitu vidogo, tukiwa tunachambua maharage. Mama yake alikuwa hawezi kupiga mluzi kwa sababu ya ule mwanya, upepo ulipita. Alikuwa akikata uzi wa kushonea kwa meno ya pembeni. Mimi nauliza tu. Nikiuliza sana ananyamaza, kwa hiyo nachambua maharage taratibu.

Jumatano, 21 Desemba

Bamba limefika. Kazi nzuri, jino jeupe, limekaa vizuri kwenye kaakaa. Umutoni akavaa, akatazama kwenye kioo cha Silvère. Fundi wa Bujumbura ni fundi kweli: alipoona kipimo kina nafasi, akatengeneza jino pana, likabanana na mwenzake, mwanya wote ukazibwa. Silvère alipiga makofi. Umutoni akasema merci, daktari, akaweka kiganja mdomoni.

Nyumbani alilivua na kulitia kwenye kikombe. Akanishukuru na mimi. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa na haikuniuma kama shukrani ile.

Jumapili, 25 Desemba

Baada ya misa tulikula kwa Bizimana, wao si Wakristo lakini mkewe alikuwa amepika pilau akasema ni sikukuu ya jirani. Mvua ilikuwa nyepesi. Tulipomaliza nilikwenda chini ya kitanda changu, nikatoa kile kitambaa, nikaja kibarazani. Mzee alipoiona tupa yake alishtuka, akataka kusimama. Nikamwambia akae, nataka tu kuazima kioo chake cha kukuzia.

Nikamwomba Umutoni akaniletee jino lililo kikombeni, pamoja na kioo cha kujitazamia. Nilimwambia, hilo lako lililobaki hakuna mtu atakayeligusa tena mpaka uwe bibi kizee, lakini hili ni la plastiki. Halina mshipa. Halitakuuma.

Nilimuuliza mwanya wa mama yake ulikuwa mpana kiasi gani. Akachukua njiti ya kiberiti sahanini, akaitazama, akaivunja ubavuni kidogo ikawa nyembamba zaidi, akanipa.

Nilisaga. Vumbi jeupe lilianguka kwenye sketi yangu ya kanisani. Alivaa, akatazama kwenye kioo, akavua. "Bado, masenge." Nikasaga tena. Mzee Bizimana aliona nashika vibaya, akanielekeza kwa kidole kwa mbali. "Kidogo tu upande wa juu," akasema Umutoni. "Wa mama ulikuwa unafungana chini." Nikasaga upande wa juu. Akavaa.

"Acha hapo."

Alikaa na kioo muda mrefu. Mke wa Bizimana aliondoa sahani. Kisha Umutoni akakishusha kioo, akanigeukia, mikono miwili ikiwa mapajani, akacheka.

Kaka alisema nitamwona mwenyewe. Nimemwona leo. Pua ni ya kwetu, macho ni ya kwetu, na mdomo ni wa mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye, anacheka kibarazani kwa fundi saa.

"Karibu, wifi," nikasema.

Umutoni hakuuliza nazungumza na nani.